Miti ya Barabarani Iingizwe Daftarini Kabla Haijawaangukia Watu

Barua ya wazi kwa Watendaji Wakuu wa TANROADS na TARURA, Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, na Wakurugenzi wa halmashauri za majiji, manispaa na miji ya Tanzania

Waheshimiwa,

Barua hii inaandikwa kwa ajili ya watu wanaoshinda chini ya miti ya barabarani kuanzia alfajiri hadi usiku: mpiga debe wa kituoni, mama lishe aliyetega jiko kwenye kivuli cha mwarobaini, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, mwanafunzi anayevizia daladala itakayokubali kumpakia, na mzee anayeuza magazeti na vocha. Wote wameufuata mti kwa sababu jua la saa nane mchana halina huruma. Ni wachache mno kati yao waliowahi kuambiwa kama tawi lililo juu ya vichwa vyao ni zima au limeoza.

Ombi lenyewe ni fupi. Kila mti ulio ndani ya hifadhi ya barabara za mijini uhesabiwe, upewe namba, ukaguliwe kwa ratiba, upogolewe na watu waliofundishwa, na ukichoka uondolewe kwa mpango na mwingine upandwe badala yake. Yanayofuata ni sababu, mifano na njia.

Kisheria, hifadhi ya barabara ina wenyewe. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, inasimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia barabara za wilaya, za mijini na vijijini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyojikuta ndani ya mita hizo ilipigwa X nyekundu, na mwenye nyumba akajua hali yake siku hiyohiyo. Mti ulio ndani ya mita hizohizo haujapigwa alama yoyote. Mpita njia hawezi kujua ni wa nani, ulikaguliwa lini, wala apige simu wapi akiuona umeinama.

Ndani ya ukanda huohuo zimo nguzo za umeme, mabomba ya maji, nyaya za simu na mitaro. Kila anayefika hapo anauangalia mti kwa jicho la kazi yake. Mwenye nyaya anaona matawi. Mwenye bomba anaona mizizi. Mwenye barabara anaona bega la barabara na mtaro unaoziba kwa majani, na afisa misitu wa halmashauri anaona kibali cha kukata. Mti mzima, kuanzia mzizi hadi kilele, hauonwi na mtu yeyote. Matokeo yake ni kwamba taarifa ya tawi linaloning'inia juu ya kituo inazunguka kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa hadi kwa mtendaji wa kata, kutoka hapo hadi ofisi ya mazingira, na mara nyingi tawi linafika chini kabla ya taarifa kufika mezani.

Daraja halitendewi hivyo. Mhandisi anayesimamia barabara anajua madaraja na makalvati yake yako wapi, yana umri gani, na lipi limeanza kuonyesha ufa. Kuna fungu la matengenezo na kuna mtu wa kuulizwa. Mti wenye uzito wa tani kadhaa, uliosimama hatua tatu kutoka lami yenye magari usiku na mchana, unastahili nafasi katika daftari hilohilo la mali za barabara. Hili ndilo jambo kuu ambalo barua hii inataka lieleweke. Mti wa barabarani ni sehemu ya barabara, na usalama wake ni kazi ya mwenye barabara.

Miji ya Tanzania imerithi miti mingi ya rika moja. Njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji inajulikana hadi leo kwa miembe yake. Utawala wa Wajerumani ulianzisha bustani ya mimea Dar es Salaam mwaka 1893, na tangu zama hizo hadi za Waingereza miti ya mbali iliingia mitaani: mkrismasi wa maua mekundu kutoka Madagaska, mjakaranda kutoka Amerika ya Kusini, mwarobaini na mjohoro kutoka Asia, mkaratusi na mgrivea kutoka Australia. Mingi ilipandwa kwa safu, mti mmoja baada ya mwingine, kwa msimu mmoja. Iliyopandwa pamoja inazeeka pamoja, na mtaa usiojiandaa unaweza kujikuta umepoteza safu nzima ndani ya miaka michache.

Pwani nayo ina kumbukumbu zake za upepo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa, na Pemba, iliyonusurika zaidi, ikashika uongozi wa zao la karafuu ambao haijauachia. Mwaka 1952, Aprili hiyohiyo, kimbunga kingine kiliingia Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia kikiwa kimeanza kupungua nguvu, lakini mvua zilizoambatana nacho ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga. Matukio hayo ni makubwa, ila mti uliochoka hausubiri kimbunga. Unahitaji masika ya kawaida tu, mchanga ulioloa kwa siku kadhaa, na upepo wa dakika mbili unaotangulia mvua.

Ni vizuri kuelewa mti unaangukaje, maana sababu nyingi zinatengenezwa na mikono ya watu.

Madhara makubwa zaidi hufanyika chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti imo ndani ya sentimita 60 za juu za udongo, nayo husambaa mbali kupita ncha za matawi. Mtaro wa bomba wenye kina cha mita moja ukipita mita moja kutoka shinani unakata karibu mizizi yote ya upande huo, ile inayonyonya maji na ile inayoushikilia mti usianguke. Majani hayanyauki wiki hiyo. Mtaro unafukiwa, zege linarudishiwa, mkandarasi analipwa, na mti unaendelea kusimama miaka miwili mitatu hadi masika yatakapolainisha mchanga. Siku unapoanguka, watu wanasema upepo ulikuwa mkali. Uingereza ina kanuni rahisi kwenye maeneo ya ujenzi: kipenyo cha shina kinazidishwa mara 12, na matokeo yake ni umbali unaopaswa kulindwa kuuzunguka mti. Shina la sentimita 50 linalindwa kwa mita 6 kila upande. Ndani ya duara hilo mtu anachimba kwa mkono na kupitisha bomba chini ya mizizi minene, au njia ya bomba inahamishwa.

Sababu ya pili ni msumeno wenyewe. Ukataji unaoonekana sana mitaani ni ule wa kuufyeka mti kichwa. Msumeno wa mnyororo unapita juu, shina linabaki wima bila tawi, na wiki chache baadaye machipukizi yanafumka kwa wingi kuzunguka jeraha. Mpita njia anaona mti umepona. Machipukizi hayo, hata hivyo, hayakuota kutoka ndani ya shina kama tawi la mwanzo. Yameshikilia tabaka la juu tu. Yananenepa upesi wakati mbao iliyo chini yake inaoza, na baada ya miaka michache laini ya umeme inakuwa imezungukwa na matawi mengi kuliko mwanzo, yenye mshiko hafifu kuliko mwanzo. Fedha zimetumika na hatari imeongezeka.

Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone kilichomo. Alichokionyesha kimebadilisha kazi ya kupogoa duniani: mti hautengenezi upya sehemu iliyoumia, bali unaizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukuta huo hujengeka vizuri tawi linapokatwa nje kidogo ya kola yake, yaani ule uvimbe unaoonekana mahali tawi linapotokea shinani. Tawi zito hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza unatoka chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, na unaingia sehemu tu ya unene. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya wa kwanza, na hapo tawi linaanguka bila kuchana gome. Wa tatu unaondoa kipande kilichobaki, kwenye kola. Rangi au lami inayopakwa juu ya jeraha haizuii uozo. Hakuna mashine ya mamilioni katika mafunzo haya. Kunahitajika mwalimu, mti wa kujifunzia na msimamizi anayekataa kazi mbovu.

Sababu ya tatu ni mambo madogo ambayo hakuna anayeyahesabu. Taka zinachomwa shinani kila jioni hadi gome la upande mmoja linakufa. Jiko la mkaa linawekwa kwenye pango la mizizi. Misumari ya matangazo inapigiliwa mwaka baada ya mwaka. Zege la njia ya waenda kwa miguu linamwagwa hadi kugusa shina, na maji ya mvua hayaingii tena ardhini.

Mkaguzi aliyefundishwa anaweza kuyaona haya yote kwa muda mfupi, na vifaa vyake vinaenea kwenye begi. Huanza chini. Anatazama kama udongo umepasuka upande mmoja wa shina, dalili kwamba mizizi imeanza kunyanyuka. Anatafuta uyoga mgumu wenye umbo la rafu uliojishika kwenye shina au mizizi, kwa sababu mara nyingi uyoga huo unamaanisha kuna uozo ndani. Anagonga shina kwa nyundo ya mbao na kusikiliza: sehemu nzima hutoa mlio mkavu, sehemu yenye uwazi hutoa mlio mzito. Anaangalia mahali mashina mawili yanapoachana kwa pembe kali huku gome likiwa limebanwa katikati, maana hapo ndipo mti hupasuka. Mwisho anainua macho na kuhesabu matawi makavu yaliyo juu ya sehemu wanapokaa watu. Shina lenye uwazi si lazima lihukumiwe kifo. Utafiti wa Claus Mattheck wa Ujerumani umetoa kipimo kinachotumiwa na wakaguzi wengi: hatari huongezeka unene wa mbao nzima iliyobaki unapopungua chini ya takriban asilimia 30 ya nusu kipenyo. Kwa shina lenye kipenyo cha sentimita 60, hiyo ni sentimita 9 za mbao nzima kuzunguka uwazi.

Barua hii haiombi miti ikatwe kwa woga. Uingereza, ambako vifo vya namna hii vinahesabiwa, watu watano au sita hufa kwa mwaka kwa kuangukiwa na miti, na hatari kwa mtu mmoja imekadiriwa kuwa kiasi cha 1 kwa milioni 10 kwa mwaka katika maeneo yanayotumiwa na umma. Hiyo ni nchi ambayo wenye miti wanatakiwa kuikagua. Takwimu hiyo inaonyesha kwamba miti mingi mikubwa, hata mizee, ni salama ikiangaliwa. Kuikata yote ili kukwepa lawama kungewaacha maelfu ya watu juani kila siku, kungeongeza joto la lami na kuta, na kungeacha maji ya mvua yakimbilie mitaroni bila kupunguzwa kasi.

Wengine wamejifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 15 Agosti 2017, kwenye sikukuu ya kidini katika eneo la Monte mjini Funchal, kisiwa cha Madeira, mwaloni mkubwa uliangukia umati uliokuwa ukisubiri maandamano, na watu 13 wakafa. Hong Kong ilimpoteza mwanafunzi wa miaka 19 mwaka 2008 mti ulipomwangukia katika mtaa wa Stanley. Mjadala uliofuata uliifanya serikali kufungua ofisi maalumu ya usimamizi wa miti mwaka 2010. Ofisi ilikuja baada ya kifo. Tanzania ina nafasi ya kuanza kabla.

Singapore ni mfano wa kufuatwa kwa karibu, kwa kuwa nayo ina joto, mvua za ghafla na miti inayokua haraka. Kampeni yake ya kupanda miti ilianza mwaka 1963 chini ya Waziri Mkuu Lee Kuan Yew. Miaka ya mwanzo hesabu kubwa ilikuwa ya miche. Baadaye, taasisi ya hifadhi za taifa ya nchi hiyo ilijenga mfumo wa kuikagua miti ya barabarani kwa mzunguko, ile ya barabara zenye watu wengi ikipewa uzito zaidi, na miti dhaifu ikibadilishwa taratibu kwa aina imara. Matukio ya miti na matawi kuanguka, ambayo yalikuwa takriban 3,100 mwaka 2001, yameshuka hadi chini ya 600 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Vifo havikuisha kabisa: mwaka 2017 mti wenye umri wa zaidi ya miaka 200 uliua mtu katika bustani ya mimea ya nchi hiyo. Hata hivyo, matukio yamepungua sana huku mji ukibaki wa kijani.

Kuna pia mfano wa kuepukwa. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulitia saini mwaka 2012 mkataba wa miaka 25 wa matengenezo ya barabara, wenye thamani ya zaidi ya pauni bilioni 2. Ndani yake mliandikwa lengo la kubadilisha miti 17,500 kati ya takriban 36,000 ya mitaani. Wakazi walipoanza kuona miti yenye afya ikikatwa kwa sababu tu imeinua mawe ya kando ya njia, walipinga. Novemba 2016, kabla ya mapambazuko, wakataji na polisi walifika mtaa wa Rustlings Road na kuwaamsha watu kitandani ili wahamishe magari. Wakazi walikamatwa na wengine wakapelekwa mahakamani. Ukataji ulisimamishwa mwaka 2018 baada ya miti kama 5,600 kuondolewa, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 uliilaumu vikali halmashauri, ambayo iliwaomba radhi wananchi. Kosa lilianzia kwenye namba iliyowekwa katika mkataba kabla ya mti kukaguliwa, na likakuzwa na usiri.

Jirani wa karibu alionyesha kwamba barabara inaweza kupinda. Barabara ya mwendokasi ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27, ilipokuwa ikijengwa mwaka 2020, mugumo mkubwa wenye umri unaokadiriwa kufikia karne moja ulikuwa ung'olewe kando ya Waiyaki Way. Wananchi walipaza sauti, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliagiza usiguswe. Barabara ilifunguliwa kwa magari mwaka 2022, na mti ukabaki. Lakini mti mmoja uliokolewa kwa amri ya Rais hautoshi kuwa utaratibu. Mti wa mtaa wa kawaida wa Moshi au Mtwara hauna wa kuupigia simu Ikulu, na unachohitaji ni daftari.

Kubadilisha miti nako kuna ufundi wake. Safu ya miti 60 iliyozeeka ikikatwa yote kwa mara moja, mtaa unabaki mtupu kwa miaka 15. Ikiondolewa 12 kila baada ya miaka miwili, kwa kuanza na iliyo hatari zaidi, kazi inachukua chini ya miaka kumi na kivuli hakipotei. Aina za miti zichanganywe. Mwaka 1990 Frank Santamour wa Marekani alipendekeza mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja na asilimia 30 ya familia moja, ili mdudu au ugonjwa mmoja usiumalize mtaa mzima. Mtaa wenye miarobaini mitupu uko mbali sana na kanuni hiyo.

Mti uchaguliwe kwa mahali pake. Mkrismasi una mbao laini na mizizi ya juujuu inayoinua zege, hivyo nafasi yake ni kwenye bustani pana. Mkwaju una mzizi unaokwenda chini na unastahimili upepo, ingawa unataka uvumilivu kwa sababu haukui haraka. Mnwamaji, mti wa asili wa Afrika wenye kivuli kizito, unafaa mitaa yenye nafasi. Mkangazi unakuwa jitu, kwa hiyo upewe uwanja wa shule au hospitali badala ya ukingo wa lami. Chini ya nyaya ipandwe miti isiyozidi mita tano au sita ikikomaa, ili msumeno usiitwe kila mwaka. Mwembe usipandwe kando ya barabara ya mwendo mkali, kwa kuwa msimu wa embe watoto hurusha mawe na kukimbilia tunda lililoangukia lami. Kwenye makutano na vivuko vya watembea kwa miguu, majani yasifiche taa, alama wala macho ya dereva.

Mche nao ukaguliwe kabla haujaondoka kitaluni. Ukikaa muda mrefu kwenye kiriba, mizizi inajizungusha ndani ya nailoni, na ukipandwa hivyohivyo mizizi hiyo huendelea kuzunguka mpaka inalinyonga shina. Mti wa namna hiyo unapendeza kwa miaka mingi, kisha unaanguka ukiwa na majani mabichi. Kukagua mizizi kabla ya kupokea miche kunachukua dakika chache na kungeokoa maisha.

Taifa limekwisha kuonyesha nia ya kupanda. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni 1 Aprili, na kila halmashauri imetakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kinachokosekana kando ya barabara ni hesabu ya pili, ile ya miti iliyo hai miaka mitatu baadaye, na ya tatu, ya miti iliyozeeka inayosubiri kupumzishwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa, barua hii inawaomba mfanye yafuatayo:

1. Kila jiji na manispaa ihesabu miti iliyo ndani ya hifadhi za barabara zake, ikianzia kwenye vituo vya daladala, shule, hospitali, masoko na barabara zinazopitisha mabasi. Kila mti uandikwe aina, kipenyo, mahali, hali na ofisi inayouwajibikia, na ubandikwe kibao chenye namba. Wanafunzi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na vyuo vingine wanaweza kuifanya kazi hii kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo.

2. TANROADS, TARURA, TANESCO, mamlaka za maji na halmashauri zitie saini makubaliano ya kila mji yanayotaja kwa maandishi nani anakagua, nani anapogoa, nani anakata na nani anapanda. Mwananchi apewe namba moja ya simu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa 114 mti ukishaanguka. Inatakiwa namba ya kuita kabla haujaanguka.

3. Miti iliyo juu ya watu wengi ikaguliwe walau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na tena baada ya kila tahadhari ya upepo mkali inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

4. Zabuni za kupogoa zitaje njia ya kukata, zipige marufuku kufyeka vichwa vya miti, na zimlipe mkandarasi baada ya kazi kukaguliwa mti kwa mti. Zabuni za mabomba na nyaya zitaje umbali wa kulinda mizizi, na adhabu ya kuuvunja.

5. Kabla mti haujakatwa, tangazo libandikwe shinani kwa wiki mbili likieleza sababu, jina la ofisi iliyoamua, mbao zitakwenda wapi, na mti gani utapandwa badala yake na lini. Wananchi wengi wanashuku kwamba mti umekatwa kwa ajili ya mkaa, mbao au kuachia nafasi bango la biashara. Tangazo hilo litamaliza shaka, na mti wenye hatari ya haraka utolewe mara moja na maelezo yafuate.

6. Fungu la matengenezo linalotoka Mfuko wa Barabara liwe na mstari wa miti, kama lilivyo na mstari wa mitaro na alama. Mche uliopandwa umwagiliwe na kulindwa walau kwa misimu miwili ya kiangazi kabla ya kazi kuhesabiwa kuwa imekamilika.

Haya hayahitaji sheria mpya ili yaanze. Mameneja wa mikoa na wilaya wanaweza kukutana mwezi huu, kila mmoja akiwa na orodha ya vituo ishirini vyenye watu wengi katika eneo lake, wakaenda na afisa misitu na nyundo ya mbao, wakaangalia kilicho juu ya vichwa vya watu. Matawi makavu yaondolewe wiki hiyohiyo. Hesabu kamili ifuate.

Wananchi nao wana sehemu yao, na serikali za mitaa zisiache kuwaambia: moto usiwashwe shinani, misumari isipigiliwe, na anayeona udongo umepasuka kando ya mti atoe taarifa na kuwahamisha watu waliokaa chini yake.

Barua hii inaomba jibu la maandishi kwa umma, likiwa na mambo matatu: jina la ofisi itakayobeba dhamana ya miti katika kila mji, tarehe ya kuanza kuhesabu, na orodha ya vituo vitakavyokaguliwa kwanza kabla mvua za vuli hazijaanza. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, ili mama lishe, dereva na mwanafunzi waisome na kujua zamu ya mti wao ni lini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtumiaji wa barabara